Lijue Zulia Kabla ya Kulitia Maji

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa ni afisa ugavi Serikalini, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Ndugu Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema niseme lolote linalotokana na kazi yangu. Mimi niliondoka hapa mwaka 1997, nikaenda kidato cha tano mahali pengine, kisha Chuo Kikuu, na tangu hapo nimekuwa katika idara za ugavi. Kazi yangu ni viti, meza, matairi, karatasi na zabuni za usafi. Sijapata kusikia mtu akipigiwa makofi kwa sababu ya matairi, kwa hiyo nimechagua mazulia. Naomba msicheke kabla sijamaliza, maana katika mazulia mna mali ya umma, mna riziki za watu, na mna kemia ile ile mnayofundishwa katika maabara yetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Palikuwa na mazulia mawili. Mapokezi palitandikwa zulia la kijivu la bei nafuu, na katika chumba cha mikutano palikuwa na zulia jekundu, zuri, lililonunuliwa zamani. Siku moja chai ilimwagika kwenye lile la kijivu. Msimamizi wa kampuni ya usafi akamwagiza mama mmoja mfagiaji atie dawa ya klorini, hii ambayo wengi huiita jiki. Doa likatoka, zulia likabaki zima, na yule mama akasifiwa. Baada ya majuma mawili chai ikamwagika kwenye lile jekundu. Agizo likawa lile lile. Kesho yake mahali penye doa palikuwa pamegeuka manjano, na brashi ilipopita nyuzi ziling'oka, pakabaki upara wa ukubwa wa sinia.

Wakubwa walikasirika. Ikaamuliwa mama yule akatwe mshahara kwa miezi miwili. Nilimkuta ameketi ngazini, nikamwamkia, naye akaniuliza: "Mwanangu, dawa ni ile ile na mkono ni huu huu. Kapeti lile limetakata, hili limekufa. Nimekosa nini?"

Nikamwambia, "Hukukosa, Mama. Lile la kwanza ni plastiki, na hili ni manyoya ya kondoo. Aliyekutuma ndiye aliyepaswa kujua."

Nilichukua nyuzi chache za kila zulia nikazitia katika vikombe viwili vya klorini mbele ya mkuu wangu wa kazi. Za kijivu zilibaki kama zilivyokuwa. Nyekundu zilipoteza rangi, zikalainika, na baada ya muda zikayeyuka. Nikaandika dokezo nikaeleza niliyoyaona. Makato ya mwezi wa pili yakafutwa. Ya mwezi wa kwanza hayakurudishwa, kwa kuwa hesabu zilikwisha fungwa.

Swali la mama yule ndilo ninalotaka kulijibu leo.

Ndugu zangu, nyuzi za mazulia zimo katika koo tatu. Ukoo wa kwanza ni wa wanyama, yaani sufu ya kondoo na hariri. Hizi ni protini, kama nywele na kucha zetu. Adui zake ni klorini, magadi na sabuni nyingine zenye alikali kali. Sufu pia haipendi maji ya moto pamoja na kusuguliwa sana, kwani nyuzi hushikamana na zulia likasinyaa. Yataka sabuni ya kiasi, maji ya baridi au ya vuguvugu, na kukaushwa upesi.

Ukoo wa pili ni wa mimea. Humo mna pamba, juti na mkonge. Mkonge tunaujua sote, maana uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea mashambani hata ukawa zao kubwa la nchi. Zulia la mkonge ni gumu kwa miguu lakini ni dhaifu kwa maji. Likiloweshwa hutia madoa na kupinda. Lifagiliwe au livutwe vumbi kwa mashine, na doa lifutwe papo hapo kwa kitambaa kilichokamuliwa. Katika ukoo huu pia mna viskosi, ambayo hutengenezwa kiwandani kutokana na miti. Hung'aa sana, na wachuuzi wengine huiuza kwa jina la hariri. Ikiloa hupoteza nguvu nyingi, na ikisuguliwa katika hali hiyo huharibika.

Ukoo wa tatu ni wa viwandani: nailoni, poliesta, akriliki na polipropilini. Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935 na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont huko Marekani. Polipropilini ilishughulikiwa na Giulio Natta wa Italia mwaka 1954, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Polipropilini haijali klorini, kwa sababu rangi yake hutiwa ndani ya plastiki kabla ya kuvutwa kuwa uzi. Ndiyo sababu zulia la kijivu lilipona. Lakini nayo ina udhaifu wake: hushika mafuta, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi tu. Hata kuburuta meza nzito juu yake huweza kuacha mstari unaong'aa.

Sasa mtu atayatambuaje? Kuna hatua nne, na hakuna hata moja inayohitaji fedha.

Ya kwanza ni kuligeuza zulia. Mara nyingi lebo imeshonwa au imebandikwa chini. Herufi PP ni polipropilini. Ikiwa hakuna lebo, tazama mgongo wenyewe. Zulia lililofumwa kwa mkono huonyesha nakshi ile ile mgongoni kama usoni, na matamvua yake ni ncha za nyuzi za mtande wenyewe. Haya ndiyo yaliyokuwa yakiletwa pwani yetu na majahazi kutoka Ghuba, pamoja na tende. Zulia la mashine la kuchomekwa nyuzi mgongo wake umefunikwa kwa kitambaa kilichogandishwa kwa gundi, na matamvua, kama yapo, yameshonewa tu. Hili likiloweshwa mno, gundi huachia na mgongo ukabanduka. Na ukiona mgongo wa juti, jua kwamba unyevu mwingi utapandisha rangi ya kahawia mpaka usoni, hata kama uso ni wa sufu safi.

Ya pili ni moto. Vijana, hili lifanyeni mbele ya mwalimu, si bwenini! Ng'oa nyuzi mbili tatu mahali pasipoonekana, zishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, mbali na zulia, na maji yawe karibu. Sufu huwaka kwa shida, moto ukiondolewa huzimika, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi husagika kwa vidole. Hariri hunuka vivyo hivyo. Pamba, juti, mkonge na viskosi huwaka upesi, hunuka karatasi, na huacha jivu jepesi la kijivu. Nyuzi za viwandani huyeyuka na kuacha tone gumu lisilosagika. Polipropilini hunuka kama mshumaa. Poliesta hutoa moshi mweusi wenye harufu tamutamu. Msiguse tone mpaka lipoe, maana linashika ngozi.

Ya tatu ni maji. Chukua glasi ya maji yenye tone la sabuni, zamisha nyuzi na uzikamue humo hata mapovu ya hewa yaishe. Zikipanda juu tena, hizo ni polipropilini, kwa sababu uzito wake ni 0.9 ukilinganishwa na maji. Nailoni ni 1.14, sufu ni 1.3 hivi, na poliesta ni 1.38, kwa hiyo zote huzama. Mnaona basi kwamba somo la msongamano halikuwekwa kwa ajili ya mtihani peke yake.

Ya nne ni rangi. Lowesha kitambaa cheupe kwa sabuni ile ile unayokusudia kuitumia, ukikandamize juu ya kila rangi kwa dakika chache mahali pa kujificha. Kitambaa kikichukua rangi, acha. Hata zulia la nyuzi imara laweza kuwa na rangi isiyo imara.

Yako pia mazulia ya mchanganyiko, na mchanganyiko unaopatikana sana ni wa sufu asilimia 80 na nailoni asilimia 20. Hapo vipimo huweza kugongana: harufu ni ya nywele, lakini ndani ya jivu mna punje ngumu. Kanuni ni moja. Lifuateni lililo dhaifu zaidi, yaani lisafishwe kama sufu.

Na onyo moja la uhai wenyewe. Klorini isichanganywe kamwe na siki, wala na tindikali nyingine, wala na amonia. Hutoa gesi yenye sumu, na anayeivuta kwanza ni yule aliyeinama juu ya ndoo.

Huko mitaani siku hizi tunapeleka mazulia mahali panapooshwa magari. Yanatandazwa juu ya saruji, yanamwagiwa sabuni ya unga, yanapigwa maji ya mpira wenye nguvu, kisha yanaanikwa ukutani. Kwa polipropilini hiyo si hasara kubwa. Lakini ukiwapelekea vijana wale zulia la sufu ulilorithi kwa babu yako, usiwalaumu likirudi limesinyaa. Hukuwaambia ni nini, nao hawakuuliza, na wala hakuna aliyewafundisha kuuliza.

Tangu kisa kile, kila zabuni ya usafi ninayoiandaa ina ukurasa mmoja zaidi. Humo kila chumba kimeandikwa, zulia lake ni la nyuzi gani, mgongo wake ni wa namna gani, dawa gani ruksa na dawa gani marufuku. Afisa anatia sahihi, na kampuni inatia sahihi, kabla ya ndoo ya kwanza. Mfagiaji hupewa nakala kwa Kiswahili rahisi. Ukurasa huo umetugharimu alasiri moja ya kuinama na kunusa nyuzi zilizoungua. Kazi zimeharibika mara nyingine pia, maana hatukosi ajali, lakini anayeulizwa sasa ni yule aliyetia sahihi, na si yule aliyeshika brashi.

Wanafunzi wenzangu wa zamani, wengi wenu mna ofisi, maduka, nyumba za wageni, misikiti na makanisa mnayoyasimamia. Ninyi ndio mnaotoa maagizo. Mtu akitumwa kusafisha, ni haki yake aambiwe anasafisha nini.

Kwa wadogo zetu, nimekuja na zawadi ndogo. Ni bahasha yenye nyuzi za namna saba, zimewekewa namba tu, bila majina. Nimemkabidhi mwalimu wa kemia, na majibu yako katika bahasha nyingine iliyofungwa. Kidato cha tatu wakishazitambua zote, Ndugu Mkuu wa Shule amekubali wapewe kazi ya kuandika ukurasa kama ule wangu kwa ajili ya zulia la ofisi yake. Mimi mwenyewe sijaligeuza nikalitazama, kwa hiyo hakuna wa kumwibia jibu.