Daftari la Wapenda Kompyuta
(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, Base Camp, Nakivale)



Nilipoombwa kuzungumza juu ya kompyuta, ndugu mmoja wa kamati alinisisitiza nisisahau kutaja faida zake. Naomba radhi kwake, maana faida zake sitazitaja. Kila anayekuja hapa kufungua semina huzitaja zote, nasi hupiga makofi. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya daftari. Ni hili nililoshika mkononi: jalada gumu, kurasa 200, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Ndani yake kumeandikwa kwa Kiswahili mambo yote ambayo kikundi chetu kimejifunza juu ya kompyuta, pamoja na mambo tuliyodhani tumejifunza kumbe sivyo. Hayo ya pili ndiyo yaliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Kikundi chetu si cha mafundi. Ni watu wanaoipenda kompyuta kama wengine wanavyopenda mpira. Tunakutana Jumamosi alasiri darasani, baada ya watoto kufagia, tunafungua mashine mbovu na kutazama ndani. Hatulipwi. Kila wiki jambo moja lililoandikwa daftarini hunakiliwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani kando ya duka la kuchajia simu, ambako watu husimama tu wakisubiri, kwa hiyo husoma.

Tulianza kuandika kwa sababu ya msiba mdogo. Tulikuwa na kijana mmoja, Mkongomani, aliyejua mashine zote za kikundi kuliko wengine wote tukijumlishwa. Akapata safari ya kuhamia nchi ya tatu. Tulifurahi, tukampikia, tukamsindikiza kwenye basi alfajiri. Jumamosi iliyofuata tukawasha kompyuta yetu bora kuliko zote, ikauliza neno la siri. Neno hilo lilikuwa kichwani mwa yule kijana, naye alikuwa angani. Ilipita miezi minne kabla ya kumpata kwa simu, akacheka sana, akatuambia: ni jina la mbuzi aliyemchunga utotoni. Sisi tulicheka pia, lakini katika miezi hiyo minne kompyuta ile ilikaa kama jiwe. Makazi haya yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wangapi wamepita hapa, na kila mmoja ameondoka na ujuzi wake kichwani kama mzigo wa mkononi? Ndipo tukanunua daftari.

Nitasoma ukurasa mmoja ili mjue namna tunavyoandika. Kichwa chake ni "Kompyuta iliyorudi nyuma miaka". Kijana mmoja wa Juru alikuwa anajaza fomu ya kuomba ufadhili wa masomo ya chuo. Kila alipofungua tovuti ile kwenye kompyuta ya mezani aliyoazimwa, ilimjibu kwamba muunganisho si salama, ikakataa. Akaamini kwamba mtandao unawakataa wakimbizi. Msimcheke, maana sisi tumekataliwa katika madirisha mengi, kwa hiyo wazo hilo halikuwa la kijinga. Akapanda gari hadi Mbarara, mwendo wa kilomita zipatazo 60, kwa nauli ya kukopa, akajaza fomu huko siku ya mwisho jioni.

Kumbe ndani ya ile kompyuta kuna betri ya duara, ndogo kama sarafu, ya volti 3, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuiwezesha saa ya kompyuta kutembea hata umeme ukizimwa. Betri ikiisha, kila ukiwasha, saa hurudi nyuma hadi tarehe iliyowekwa kiwandani, pengine mwanzo wa mwaka 2009. Tovuti nazo huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, sawa na vibali vyetu. Kompyuta inayodhani leo ni mwaka 2009 hukitazama cheti hicho, huona kwamba muda wake wa kuanza haujafika, na hukataa. Dawa ni kubadili betri. Kama huna fedha ya betri, dawa ni kurekebisha tarehe kwa mkono kila unapowasha, nayo ni bure. Chini ya ukurasa tumeandika: "Nauli ya Mbarara kwenda na kurudi ni zaidi ya bei ya betri."

Hivyo ndivyo tunavyoandika: dalili kwanza, kisha tulivyodhani, kisha sababu yenyewe, kisha dawa na bei yake. Sehemu ya "tulivyodhani" wengine walitaka iondolewe kwa kuwa inatuaibisha. Mimi naitetea, kwa sababu msomaji naye anadhani vilevile, na akijiona pale atasoma hadi mwisho.

Kuhusu lugha tuligombana. Hapa Nakivale kuna Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, na kila mmoja amejifunza kompyuta kwa maneno ya alikotoka. Waliosoma kwa Kifaransa husema ordinateri. Kijana aliyesoma Kenya alisema neno sahihi ni tarakilishi, na Jumamosi nzima ikaishia hapo bila kufungua hata skrubu moja. Kazi kubwa ya maneno ilikwisha kufanywa na wengine: Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo yote kwa Kiswahili. Tuliyaheshimu maneno ya wataalamu, lakini tulijiwekea kanuni yetu: tutaandika neno ambalo mtu akilisema dukani Mbarara atapewa kitu hicho. Kwa hiyo tunaandika kompyuta, chaja, fleshi, kebo. Tumekubali kipanya, maana watoto wamekipenda. Maneno ambayo skrini yenyewe huyaonyesha kwa Kiingereza tunayanakili herufi kwa herufi kama yalivyo, kisha tunaeleza maana. Na wenzetu Wasomali ambao Kiswahili chao bado kichanga wametufundisha kuchora. Mchoro wa betri ile unaeleweka kwa kila kabila.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa watu wasio na kazi. Nawajibu kwa historia fupi. Tarehe 5 Machi 1975, huko Menlo Park, California, watu wapatao thelathini walikutana katika gereji ya Gordon French kuitazama kompyuta ya kujiundia. Kikundi chao kiliitwa Homebrew Computer Club, na jarida lake dogo lilianza kuhaririwa na Fred Moore. Mmoja wa waliohudhuria alikuwa Steve Wozniak. Michoro ya kompyuta aliyoiunda, iliyokuja kuitwa Apple I, aliwagawia wenzake bure mkutanoni.

La pili linatugusa kwa karibu zaidi. Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Tom Jennings, alibuni mpango uliowezesha kompyuta za nyumbani kupigiana simu usiku, wakati gharama ikiwa ndogo, na kupokezana barua: hii inahifadhi, inaipatia ile, nayo inaipatia nyingine, mpaka barua inamfikia mwenyewe. Mtandao huo ukaitwa FidoNet. Ulikuwa mchezo wa wapenda kompyuta, na mwaka huohuo wakaanzisha gazeti lao, FidoNews. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijafika kwetu, vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam na Makerere vilitumia njia hiyohiyo kutuma barua za kompyuta. Kituo cha Makerere kiliitwa MUKLA. Simu zilikuwa mbovu, zikikatika kila mara, lakini mpango ule uliweza kustahimili simu za namna hiyo. Basi barua za kompyuta zilizotoka Kampala siku zile zilisafiri kwa njia iliyobuniwa na watu wasiolipwa, waliokuwa wakiandikiana walichokijua.

Sasa nifike kwenye ukurasa wa 61, ambao ndio sababu ya hotuba hii.

Ukurasa huo niliuandika mimi. Unahusu chaja za kompyuta za mkononi. Nilikuwa na haraka, mitihani ilikuwa karibu, nikaandika: "Chaja yoyote ambayo kichwa chake kinaingia itafaa." Nikaibandika ukutani, na chini nikatia sahihi: Mwalimu.

Mama mmoja wa Rubondo, mjane, alikuwa na kompyuta ndogo ambayo binti yake aliitumia kuwachapia watu barua na maombi ya kazi. Sabuni, chumvi na daftari za wadogo zake zilitoka humo. Chaja yao ikafa. Binti akasoma karatasi yangu, akaazima chaja ya jirani, kichwa kikaingia vizuri kana kwamba vilizaliwa pamoja. Kompyuta ile ilitaka volti 12. Chaja ile ilitoa volti 18 na nusu. Akasikia harufu, kisha skrini ikawa nyeusi.

Yule mama alikuja shuleni na karatasi yenyewe, ameibandua ukutani na kuikunja vizuri. Hakupiga kelele. Alisema: "Mwalimu, uliandika yoyote." Nilitafuta la kumjibu, nikakosa. Nikamwambia, "Mama, nimekukosea." Niliipeleka mashine kwa fundi Mbarara, akaifungua, akanionyesha mahali palipoungua, akatikisa kichwa.

Usahihi ni huu, nao naomba kila mwenye simu au kompyuta ausikilize. Kwenye chaja kuna maandishi madogo, na chini ya kompyuta kuna maandishi kama hayo. Volti lazima zilingane. Ampea za chaja zinaweza kulingana na zile za kompyuta au kuzizidi, maana kompyuta huchukua zile inazohitaji tu, lakini zisipungue. Kisha kuna mchoro wa nukta katikati ya duara, wenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. Mchoro wa chaja na wa kompyuta lazima ufanane. Kichwa kuingia si ushahidi wa lolote.

Kikundi kilipokutana, wengi walishauri ukurasa wa 61 uchanwe. Rafiki yangu mmoja, mwalimu pia, alisema mwalimu akionekana amekosea hadharani, watoto watamdharau darasani. Hoja yake ina uzito, sisi walimu hatuna kitu kingine cha kujivunia hapa. Lakini karatasi ile ilikaa ukutani siku tisa. Walioisoma siku hizo tisa siwajui wote. Wengine waliinakili. Kuchana ukurasa kungenisaidia mimi, kusingemsaidia aliyeondoka na maneno yangu mfukoni. Kwa hiyo ukurasa upo, umekatwa kwa wino mwekundu lakini unasomeka, na pembeni pameandikwa usahihi, tarehe, na jina langu kamili badala ya neno Mwalimu. Usahihi ulibandikwa palepale ukutani kwa mwezi mzima, nasi tulitembea Base Camp, Juru na Rubondo tukiuliza nani ameisoma ya kwanza. Tuliwapata watu wawili waliokuwa karibu kufanya vilevile.

Tangu hapo hakuna karatasi inayopanda ukutani kabla ya mtu wa pili kujaribu yaliyoandikwa, akiwa peke yake, bila mwandishi kusimama nyuma yake na kumwelekeza. Imetupunguzia kasi. Zamani tulibandika kila wiki, sasa pengine wiki mbili hupita.

Nina ombi moja kwa wageni wetu wa mashirika. Mahali fulani, ambapo sitapataja, kompyuta kumi zilifungiwa mwaka mzima wa shule zikimsubiri fundi wa kutoka mbali, kwa kuwa sisi hatukuruhusiwa kuzifungua. Tuliporuhusiwa, tatu zilikuwa na tatizo la betri ileile ya sarafu. Mbili zilitaka kumbukumbu zake zichomolewe, zisuguliwe kwa kifutio cha penseli na kurudishwa. Moja ilikuwa imejaa vumbi tu. Nne zilikuwa zimekufa kweli, tukazitumia kwa vipuri. Mnapotukabidhi kompyuta, huja hati ya makabidhiano yenye idadi na namba, nasi hutia sahihi. Tunaomba kila mashine ije pia na daftari lake dogo la kuandikiwa maradhi na matibabu, kama mtoto anavyokuja kliniki na kadi, na hati yenyewe iseme nani anaruhusiwa kuifungua.

Yule binti wa Rubondo sasa anachapa barua kwenye mashine ya kikundi siku tatu kwa wiki, na ya kwao ninailipia kidogo kidogo, bado miezi mitatu. Yeye ndiye tuliyemchagua kuwa msomaji wa pili, anayejaribu kila ukurasa kabla haujabandikwa. Wiki iliyopita alinirudishia ukurasa wangu wa virusi vya fleshi, vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato, mtu akadhani kazi zake zimefutwa. Alisema hatua ya tatu haieleweki. Ninaiandika upya, na Jumamosi saa tisa tutaijaribu tena. Mwenye fleshi yenye ugonjwa huo aje nayo, ila kwanza asikubali mtu yeyote aifute.