Tembo Akiingia Shambani

Leo tuzungumzie hasara inayokuja usiku.

Ng'ombe wa jirani akila mpunga wako, mwenye ng'ombe anawajibika kukulipa. Hiyo ni fidia, na akikaidi, baraza la kata lipo. Lakini tembo akitoka Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, sheria inatumia neno jingine: kifuta jasho. Mtu akijeruhiwa au kuuawa, ni kifuta machozi. Majina haya yamechaguliwa makusudi. Serikali inatoa pole, haikiri deni; ndiyo maana fedha hizo hazilingani na magunia uliyopoteza. Mimi naona mkulima anastahili kuambiwa hivyo mapema, kabla hajaanza kuhesabu fedha ambazo hazitakuja. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha malipo hayo kuwa ekari 5, tena kiwango kikapangwa kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: aliyelima karibu zaidi alipata kidogo zaidi.

Sasa, asubuhi umekuta mahindi yamelala, nyayo pana kama sinia zimejaa maji, kinyesi bado kina joto. Uchungu utakusukuma ushike jembe usafishe. Subiri, ndugu yangu. Piga picha, kisha nenda siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji, aite afisa ugani na afisa wanyamapori waje wapime eneo wakati nyayo bado zinaonekana.