Kabla Muganga Hajafika: Maneno Tuliyosema Kwenye Kikao cha Wanachama



Mulituomba tuzungumze juu ya mtu aliyezama, maana sisi wote tunaishi na ziwa. Wengi wetu tulivuka Tanganyika tukikimbia, tukaivuka tena kurudi, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Watoto wetu wanateka maji humo, wanafua humo, wanaoga humo.

Tuanze na jambo ambalo hatujalisema mbele ya watu. Siku moja tulikuwa tunarudi kazini na moto, tukakuta watu wamejaa ufukweni. Mtoto wa miaka kama 9 ametolewa majini. Kaka yake alikuwa amembeba begani, kichwa chini, anakimbia naye huku na huku ili maji yatoke. Halafu vijana wakamlaza wakamkamua tumbo. Na sisi? Tulikuwa watatu, wote tumefundishwa darasani juu ya mwanasesere wa plastiki. Tukauliza mzazi yuko wapi. Tukatafuta glavu kwenye mfuko. Mzee mmoja akasema: "Huyu amekwisha, musimuguse, mutapata kesi." Tulipopiga magoti, dakika nyingi zilikuwa zimepita. Mtoto hakurudi. Hatuwezi kusema angepona, lakini tunajua kwamba tulichelewa, na si kwa sababu ya kukosa dawa.

Basi musikilize vizuri. Aliyezama moyo wake unasimama kwa kukosa hewa. Maji ya tumboni hayana haraka. Ukimkamua tumbo anatapika, na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Ukimning'iniza kichwa chini unapoteza muda tu. Ubongo bila hewa unaanza kuharibika baada ya dakika kama 4. Kutoka ufukweni mpaka santre ya afya ni dakika ngapi kwa miguu? Munajua wenyewe.

Kwanza usizame na wewe. Mtupie bidoni tupu iliyofungwa kifuniko, imefungwa kamba kama kamba iko. Akishatoka, mlaze chali mahali pagumu, mwite, mtikise bega. Inua kidevu, kichwa kiende nyuma kidogo, angalia kifua kwa sekunde 10. Hapa wengi wanadanganyika: mtu anaweza kufungua kinywa mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini. Hiyo si kupumua. Mhesabu kama asiyepumua, umtume motari akalete muganga, na wewe uanze.

Mzibe pua, funika kinywa chake na kinywa chako, pulizia mpaka uone kifua kinapanda. Mara 5. Kisha weka kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, mikono imenyooka, ukandamize kwa nguvu: mtu mzima sentimita 5 mpaka 6, mtoto theluthi moja ya unene wa kifua chake. Mtoto mdogo mkono mmoja unatosha, kichanga vidole gumba viwili, mikono imezunguka kifua chake. Kila mara acha kifua kirudi juu chenyewe. Mara 30, halafu pumzi 2, halafu 30 tena. Mwendo ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yaani zile 30 zisipite sekunde 18. Inachokesha sana, hata kijana mwenye nguvu. Kila dakika 2 mubadilishane. Akitapika, mgeuze ubavu, mpanguse, endelea. Akianza kupumua, alale ubavu, na apelekwe kwa muganga hata kama anasema yuko muzima, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumsumbua masaa baadaye.

Mama mmoja ametuuliza: na magonjwa? Swali zuri, sisi tunaojua Ebola hatuwezi kulicheka. Wakati wa Ebola musimpulizie mtu kinywani, mufuate maagizo ya wahudumu wa afya. Lakini mtoto wako mwenyewe, aliyetoka majini sasa hivi ukimuona? Na kama mtu mzima ameanguka ghafla nchi kavu na humjui, kandamiza kifua tu bila kupulizia. Ni bora kuliko kusimama. Aliyepigwa na radi vilevile: watu wanaogopa kumgusa, wanasema radi iko bado mwilini. Haiko. Mguse, mfanyie haya haya, mradi ninyi mutoke mahali pa hatari.

Sasa ile mashine. Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wameandika kwamba huko inatundikwa ukutani, viwanja vya ndege na mashuleni, na wako tayari kuchangia tununue moja. Ni mashine nzuri. Unabandika vibandiko viwili kwenye kifua kilichopanguswa, inasikiliza moyo, inakuambia kwa sauti la kufanya, na inapiga umeme pale tu moyo unapotetemeka ovyo. Ila moyo uliosimama kabisa haiuamshi, na aliyezama mara nyingi yuko hivyo. Betri inaisha, vibandiko vina tarehe ya kuharibika, na nani atakuwa na ufunguo wa nyumba usiku? Sisi tungeomba pesa hizo zinunue jile na kamba za ufukweni. Lakini sanduku ni lenu; mujadili, mupige kura.

Juu ya kesi, tumekubaliana na wazee wa kamati: mwanachama akimsaidia mtu na mtu akafa, kamati itasimama naye mbele ya familia na mbele ya chifu. Iandikwe kwenye daftari leo, kabla hatujaachana.

Jumamosi baada ya kikao tutafanya mazoezi. Kila mmoja aje na bidoni ya lita 20, tupu, kifuniko kimefungwa. Ukiikandamiza inarudi, karibu kama kifua. Wavuvi waje mbele.