Wakati wa Kuvuna Mbegu za Mikaratusi



Leo twataka kusema nanyi habari za mbegu za mkaratusi. Asili ya mti huu ni Australia. Katika Kenya ulipandwa tangu mwaka 1902, ili kuipatia kuni reli ya Uganda. Wako watu watiao mbegu zake tele kitaluni, wakamwagilia majuma matatu, wasione hata jani moja. Aghalabu kosa si la udongo wala la mvua: mbegu zilichumwa kabla ya wakati wake, au kilichopandwa kilikuwa makapi matupu.

Yatazameni matunda. Ua la mkaratusi likifunguka, kifuniko chake kidogo huanguka. Kisha tunda hukua polepole miezi mingi, gumu kama ubao, mfano wa kikombe kidogo. Juu ya mti mmoja mwaweza kuona matumba, maua, matunda mabichi na makavu pamoja, basi msihukumu kwa kuutazama mti kwa mbali. Chumeni tunda lililoacha ukijani likawa la kahawia, ambalo mistari juu yake yaonekana ikitaka kupasuka, nalo halijapasuka. Likisha kupasuka, upepo huzimwaga mbegu kwa siku chache, na mtu hujisumbua kupanda mtini kuleta vikombe vitupu. Mwenye shaka na alikate tunda kwa kisu: mbegu zikiwa nyeupe na laini, bado, zikiwa nyeusi au za kahawia iliyokoza, zimekomaa. Wala msidanganywe na jua, maana tunda bichi likianikwa laweza kufunguka vilevile, na mbegu yake ikawa dhaifu.

Tena msichume katika mti uliosimama peke yake, ingawa ndio uliao karibu na nyumba na watoto huupanda upesi. Mti wa namna hiyo mara nyingi huzaa kwa chavua yake wenyewe, na miche yake hudumaa. Tafuteni miti kadhaa iliyonyoka, katikati ya shamba.

Matawi yalazwe juu ya turubai, juani, pasipo upepo. Baada ya siku chache yatikiseni. Vipande vyekundu vilivyo vingi ni makapi. Mbegu ni zile punje ndogo nyeusi, na kiganja kimoja cha mchanganyiko huo chatosha miche maelfu. Zikaushwe sana, zitiwe katika chupa yenye kizibo, pamoja na karatasi iliyoandikwa aina ya mti, mahali na tarehe. Na kabla ya kulima kitalu, nyunyizeni kidogo juu ya mchanga wenye unyevu. Zilizo nzima huota kwa juma moja au mawili.