Kugawa, Kutenga na Kuazima: Vitenzi vya Kumbukumbu katika Kompyuta Moja Yenye Mashine Nyingi



Mijadala yetu kuhusu istilahi za kompyuta imeelemea mno upande wa nomino. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na hata kabla ya hapo, tumebishana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Watumiaji wameshaamua, nasi tungali tunabishana. Jioni hii naomba tuangalie vitenzi, kwa kuwa fundi akikosea nomino huulizwa tu maana yake, lakini akikosea kitenzi mashine huzimika.

Kompyuta moja inaweza kugeuzwa ikafanya kazi kama kompyuta kadhaa, kila moja ikiwa na mfumo wake wa uendeshaji na kuamini kwamba iko peke yake. Mbinu hii si ngeni: IBM ilitangaza VM/370 mwaka 1972. Ilienea katika kompyuta za kawaida baada ya Xen iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003, na KVM iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007. Kompyuta hizo za ndani huitwa mashine pepe. Istilahi hiyo nitaitumia, ingawa mkulima wa mpunga akiisikia atadhani ni mashine isiyo na kitu ndani, maana pepe kwake ni punje isiyo na kiini. Barua pepe imeshinda hofu hiyo, na mashine pepe nayo huenda ikaishinda.

Natuchukue mfano. Tuseme mwalimu wa Nandagala, wilayani Ruangwa, ana kompyuta moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, na anataka kuiwekea mashine pepe nne: ya mazoezi ya wanafunzi, ya maktaba, ya hesabu za shule, na ya majaribio. Akizipa nne nne, kompyuta mwenyeji haibakiwi na kitu, nayo pia inahitaji kumbukumbu ya kuendeshea shughuli zake. Kwa hiyo anazipa tatu tatu, na nne zinabaki kwa mwenyeji. Lugha rasmi ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, lakini ufafanuzi wenyewe, kama sote tunavyojua, hutolewa kwa Kiswahili. Mwalimu anawaambia wanafunzi: "Kila mashine imegawiwa gigabaiti tatu." Je, wameelewa nini?

Sentensi hiyo ina maana mbili. Huenda gigabaiti tatu zimewekwa kando, na hakuna mwingine atakayezigusa hata kama mashine imelala. Huenda pia tatu ni kikomo tu, na mashine itachukua kumbukumbu kidogo kidogo kadiri inavyoihitaji. KVM kwa kawaida hufuata njia hii ya pili, isipoagizwa vinginevyo. Napendekeza maana ya kwanza tuiite kutengea, na ya pili kuwekea kikomo. Kugawia kubaki neno la jumla, lisitumike mahali panapohitaji usahihi.

Tofauti hii si ngeni kwa watu wa Nandagala. Korosho zilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/2008, na chama kikuu cha ushirika RUNALI kinahudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mkulima hahitaji mhadhara ili ajue kwamba kuambiwa "lete mzigo, ghala lipo" si sawa na kutengewa nafasi ndani ya ghala hilo. Vyama vikiahidiwa nafasi kuliko uwezo wa ghala, mambo yatakwenda vizuri maadamu mizigo haifiki siku moja. Ikifika siku moja, magunia yatalala barazani. Baraza la kompyuta ni diski: kumbukumbu ikijaa, mfumo huhamishia huko baadhi ya kurasa, na kwa kuwa diski ni ya polepole mno kuliko kumbukumbu, kazi zote huanza kukokota.

Sasa nije kwenye kuazima. Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa VMware alieleza mbinu ya puto. Ndani ya kila mashine pepe huwekwa programu ndogo. Msimamizi wa mashine akihitaji kumbukumbu, huiamuru ijivimbishe. Mashine hiyo hubanwa, ikaachia kurasa isizozihitaji sana, na msimamizi akazipeleka kwingine. Puto likinywea, nafasi hurudi. Nimesikia wanafunzi wakisema mashine moja "imekopa" kwa nyingine. Hapana. Tunakopa fedha tukalipa fedha nyingine. Tunaazima jembe tukarudisha jembe. Kinachorudi hapa ni nafasi, haina riba wala fidia, basi ni kuazima.

Na hata kuazima kuna mipaka yake, kwa sababu mashine pepe hazijuani. Hapo ndipo ninapopinga kabisa kugawana na kuazimana. Kiambishi -an- kinadai watendaji wanaotendeana, na mwanafunzi akikipokea atatafuta mapatano kati ya mashine ya maktaba na ile ya hesabu. Hayapo. Anayetwaa na kutoa ni msimamizi peke yake. Tuseme zinagawiwa, zinaazimwa nafasi, zinapunguziwa: kauli ya kutendwa inasema ukweli wa mtambo, kauli ya kutendeana inautungia hadithi.

Kimebaki kitendo kimoja, cha kuziahidi mashine kumbukumbu kuliko iliyopo, mathalani kumpa kila mmoja wa wale wanne kikomo cha gigabaiti sita. Hufanywa kwa makusudi na mara nyingi kwa faida, kwa hiyo kupunja na kudanganya hayafai. Kuahidi kupita kiasi ni fasiri, si istilahi. Kwa sasa natumia kuzidisha ahadi, nami nitafurahi kusikia kutoka kwenu, hasa wenye wazazi walio viongozi wa vyama vya msingi, neno linalotumika ghalani.