Wimbo Wakati wa Matanga

(Maneno yaliyosemwa na mzee mmoja wa kanisa, ambaye pia ni mwalimu wa kwaya, siku ya kuwakumbuka marehemu wetu, kambi ya Nyarugusu, Mkoa wa Kigoma)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya nyimbo za Kikristo na faraja wakati wa msiba. Nimekubali kwa sababu neno hili linatugusa sote. Hakuna nyumba hapa kambini isiyo na marehemu wake. Wengine tumewazika hapa hapa, katika udongo wa Tanzania, na makaburi yao tunayajua. Lakini wengine walibaki njiani, porini au ndani ya maji, na hatujui hata siku waliyokata roho. Neno langu la leo linawaelekea zaidi wale wanaolia bila kaburi.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipowakimbiza watu wa Kivu ya Kusini wakavuka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1998 vita vingine vilianza, na watu wakaendelea kuja. Kuanzia mwaka 2015 tukawapokea ndugu zetu kutoka Burundi, nao wakiwa na vilio vyao. Kila mmoja alibeba alichoweza: sufuria, kitenge, mtoto mgongoni. Vitabu vya nyimbo vingi viliachwa pamoja na nyumba. Hata hivyo kwaya zilianza kuimba chini ya shitingi kabla makanisa hayajajengwa. Kitabu kilikuwa kichwani. Mama mmoja alikumbuka ubeti wa kwanza, mwingine akakumbuka wa tatu, mzee akatoa kiitikio, na wimbo ukatimia. Ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyeweza kutunyang'anya njiani.

Sasa nauliza: nyimbo hizi zilitoka wapi? Vijana wengi hudhani zilitungwa na watu walioshiba, waliokaa katika nyumba nzuri na amani tele. Sivyo. Nyingi kati ya zile tunazoimba kwenye matanga zilitungwa na watu waliokuwa wakilia. Nitataja watatu.

Wa kwanza ni Joseph Scriven. Alizaliwa Ireland mwaka 1819, akahamia Kanada akiwa kijana. Inasimuliwa kwamba mchumba wake alikufa maji kabla ya harusi yao, hapo alipokuwa bado kwao. Mwaka 1855, akiwa ugenini, alipata habari kwamba mama yake ni mgonjwa. Bahari ilikuwa katikati yao na hakuweza kwenda kumwona. Basi akaandika maneno ya kumfariji mama, akayatuma. Hakuyaandika ili yachapishwe. Maneno hayo ndiyo wimbo tunaoujua sote, Yesu Kwetu ni Rafiki. Sauti yake ilitungwa na Mmarekani, Charles Converse, mwaka 1868. Ndugu zangu, ni nani hapa asiyejua kupata habari za mama mgonjwa ng'ambo ya maji, na njia ya kumfikia hakuna? Wimbo huo ni barua ya mtu aliye mbali na kwao. Ndiyo maana tunapouimba tunauona kama wetu.

Wa pili ni Horatio Spafford, mwanasheria wa mji wa Chicago huko Marekani. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza mji ule, naye akapata hasara kubwa. Mwezi wa Novemba 1873 mke wake, Anna, alipanda meli iitwayo Ville du Havre kwenda Ulaya pamoja na binti zao wanne. Baba alibaki nyuma kwa ajili ya kazi. Usiku, katikati ya bahari, meli hiyo iligongana na nyingine ikazama kwa muda mfupi. Zaidi ya watu mia mbili walikufa. Mama aliokolewa. Wale wasichana wote wanne walikufa.

Spafford alipanda meli kumfuata mke wake, akapita juu ya bahari ile ile iliyowameza watoto wake. Kaburi la kuweka ua halikuwepo; yalikuwepo maji tu. Katika safari hiyo, kama inavyosimuliwa, ndipo alipoandika wimbo tunaouita Ni Salama Rohoni Mwangu. Philip Bliss aliutungia sauti mwaka 1876, na sauti hiyo akaipa jina la meli iliyozama. Yaani kila mara wimbo ule unapoimbwa, popote duniani, jina la meli ile limo ndani yake. Wenzetu ambao watu wao walizama katika Ziwa Tanganyika, fikirini jambo hili. Mtu asiye na kaburi la watoto wake alitengeneza mahali pa kuwakumbuka, na mahali hapo palikuwa wimbo.

Wa tatu ni mtu mweusi, Thomas Dorsey, mwanamuziki wa Chicago, kutoka taifa la watu ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka bara letu. Mwezi wa Agosti 1932 alisafiri kwenda mji mwingine kwa kazi ya uimbaji, akamwacha mke wake, Nettie, akiwa mjamzito. Huko alipata simu ya maandishi kwamba mke amefariki katika uzazi. Aliporudi nyumbani alimkuta mtoto yu hai, lakini baada ya muda mfupi naye akafa. Wakazikwa pamoja. Dorsey mwenyewe alieleza kwamba kwa siku kadhaa alimwona Mungu kuwa hakumtendea haki, na hakutaka tena kutunga nyimbo za Injili. Hakuficha hasira yake. Baadaye, akiwa amekaa mbele ya kinanda, akautunga wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono. Wimbo huo ndio ulioimbwa na Mahalia Jackson katika mazishi ya Mchungaji Martin Luther King mwaka 1968.

Nimewataja hawa watatu ili tuone jambo moja. Wimbo haukuletwa ili kuziba mdomo wa mtu anayelia. Wimbo ulitoka ndani ya kilio chenyewe. Kwa hiyo tunapomwambia mfiwa, "Nyamaza, usilie, imba tu, wewe ni Mkristo," tunauondoa wimbo katika kazi yake. Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro, ingawa alijua atakalolifanya. Na usiku ule alipokuwa karibu kukamatwa, yeye na wanafunzi wake waliimba kwanza, ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Kulia na kuimba vilikaa ndani ya mtu mmoja, wala havikugombana.

Tena tusome Zaburi ya 137. Hiyo ni zaburi ya wakimbizi. Watu waliochukuliwa mateka Babeli waliketi kando ya mito wakalia, wakatundika vinubi vyao kwenye miti. Waliowateka wakataka waimbiwe, lakini wao hawakuweza. Biblia haikuwalaumu. Basi ikiwa mfiwa hawezi kuimba, tusimlazimishe. Akae kimya. Sisi wengine tutaimba kwa niaba yake, naye siku yake ikifika ataingia katikati ya ubeti bila kuambiwa na mtu.

Ndugu zangu, hapa pana siri ya wimbo wa kanisa inayopita hotuba. Mhubiri akisema, ni mmoja tu anayesema, na mfiwa hubaki peke yake akisikiliza. Lakini wimbo huimbwa na wengi. Koo lako likikauka, jirani anaendelea, na wimbo haukatiki. Pumzi yako iliyokuwa fupi kwa sababu ya kilio hurefuka pole pole ikifuata pumzi ya wenzako. Maneno huhitaji kuyatafuta, maana uliyajua tangu utoto. Taa haihitajiki, kitabu hakihitajiki, hata asiyejua kusoma hakosi kitu. Ndiyo sababu saa nane ya usiku, mahubiri yakiwa yamekwisha na chai imekwisha, kinachobaki kwenye matanga ni wimbo.

Sasa nije kwenye jambo linalotusumbua hapa kambini. Simu inapigwa kutoka kwetu kwamba fulani ameuawa, au mtu anatoka safari na kusema kwamba fulani alizama miaka mingi iliyopita. Hapo hutokea mabishano. Wengine husema matanga hayawezi kufanyika kwa sababu maiti haipo. Wengine husema tungoje, pengine habari si ya kweli. Na mwenye msiba hukaa nyumbani miezi, hata miaka, hajui kama yeye ni mjane au la, hajui kama alie au angoje. Huyo ndiye anayekonda mbele ya macho yetu.

Maoni yangu ni haya. Habari ikithibitika, tusimnyime mtu matanga kwa sababu ya kukosa maiti. Tukusanyike. Jina la marehemu litajwe kwa sauti, pamoja na mahali alipozaliwa na kazi aliyoifanya. Uimbwe wimbo alioupenda. Spafford hakuwa na jeneza hata moja, na watoto wake wanakumbukwa mpaka leo. Na pale ambapo habari haijathibitika, bado tunaweza kukaa na mwenye wasiwasi jioni moja, tukaimba na kuomba, bila kusema kwamba yule mtu amekufa. Kuimba si kutia sahihi cheti cha kifo. Ni kumwambia mtu kwamba hangoji peke yake.

Kwa hiyo naomba tushike mambo haya.

Kwanza, mfiwa ndiye achague wimbo. Kwaya isifike na orodha yake tayari kana kwamba ni mashindano. Mwulizeni mama: marehemu alipenda wimbo gani? Swali hilo peke yake humfungua mtu aliyekuwa amefungwa kifuani.

Pili, tuimbe wimbo wa zamani kabla ya wimbo mpya. Nyimbo mpya ni nzuri, na vijana wetu wana kipaji, lakini usiku wa msiba mtu huhitaji neno ambalo kinywa chake tayari kinalijua. Na vipaza sauti vipunguzwe, ili sauti za majirani zisikike.

Tatu, lugha zisitugawe. Nyimbo nyingi tunazo kwa Kiswahili, kwa Kibembe, kwa Kifuliiru, kwa Kirundi, na sauti ni ile ile. Kila mmoja aimbe kwa lugha ya mama yake kwa wakati mmoja. Kadhalika madhehebu: kwaya ya kanisa moja isikatae kwenda kwenye msiba wa kanisa lingine. Kifo hakiulizi kadi ya ubatizo.

Nne, tuheshimu desturi ya jirani. Ndugu zetu Waislamu wana dua zao na utaratibu wao wa mazishi. Tukienda kwao, tukae kwa adabu na kuitikia amina. Wao nao wamekuja kwetu mara nyingi kuchota maji na kuleta kuni.

Tano, tujue mpaka wa wimbo. Mtu ambaye wiki nyingi zimepita halali, hali, hasemi na watoto wake, au anasema anatamani kufa, huyo asiachiwe kwaya peke yake. Apelekwe hospitali au kwa washauri, na asindikizwe na mtu anayemwamini. Kumpeleka kwa daktari si kukosa imani. Tunamwimbia mgonjwa wa malaria, na dawa tunampa.

Kwa ninyi wageni wetu wa mashirika, nina ombi dogo. Mkisikia nyimbo usiku kucha katika kijiji fulani, jueni kwamba pana kifo. Mkija asubuhi na fomu za kuandika, ulizeni kwanza kwa kiongozi wa kijiji. Fomu zinaweza kungoja siku moja. Na mnapokaa na mfiwa kumshauri, mkikosa swali la kuanzia, mwulizeni ni wimbo gani unaoimbwa kwao wakati wa kuzika. Atawaambia mengi kuliko fomu.

Mwisho, nawageukia vijana. Wengi wenu mmezaliwa hapa, na ziwa lile hamjalivuka. Majina ya babu zenu waliobaki ng'ambo mnayasikia tu. Kaeni na bibi zenu jioni, waandikieni nyimbo wanazozikumbuka, kila ubeti, na kando yake andikeni aliyeufundisha na ni msiba wa nani ulioimbiwa. Daftari la shule linatosha. Wazee wanaondoka, na wakiondoka kabla hamjaandika, tutakuwa tumezika pamoja nao makaburi yale ambayo hatukuwa nayo.

Sasa naomba tusimame. Kila mmoja amtaje mtu wake kwa jina, kwa sauti ya kusikika, hata kama wote tutasema kwa pamoja. Mungu anajua kutenganisha sauti. Kisha akina mama watatuanzishia wimbo.

Mungu awafariji.