Reli inaingilia Fela, ndege inatua Ilemela: katikati tupo sisi

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa ndani wa vijana hapa Mwanza. Wengi mliokosa nafasi mliomba niiweke hapa. Nimeigusa kidogo tu ili isomeke.)



Najua mmezoea nikishika maiki naanza na kuishambulia serikali. Leo naanza na sifa, msishtuke. Treni ya SGR ya Dar mpaka Dodoma inatembea. Ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 14, 2024, na Julai 25 mwaka huohuo ikafika Dodoma. Wapo humu ndani wameshaipanda, na wanasema ile ni treni kweli. Sisi sio watu wa kupinga kila kitu. Ni kodi yetu ile, tuna haki ya kuifurahia.

Sasa turudi nyumbani.

Mkataba wa kipande chetu, Mwanza–Isaka, kilomita 341, ulisainiwa Januari 2021 kule Chato. Juni 2021 jiwe la msingi likawekwa pale Fela, Misungwi. Muda wa mkataba ulikuwa miezi 36. Hesabu hiyo haihitaji kalkuleta, makamanda. Miezi 36 imekwisha zamani, na hapa Mwanza hakuna aliyekata tiketi. Mkandarasi akichelewa, sawa, hutokea. Lakini mwenye nyumba anayejengewa ana haki ya kuambiwa paa linapanda lini. Sisi tunaambiwa asilimia tu. Leo asilimia fulani, kesho asilimia nyingine. Asilimia hazipandwi wala hazishukwi kituoni!

Lakini hilo la kuchelewa siyo lililonisimamisha leo. Nataka tuulize swali ambalo halijaulizwa kwa sauti: siku reli ikifika, itakutana na nini?

Hebu tuchore ramani kichwani. Reli inatoka kusini, inapita Fela, inaingia mjini. Uwanja wa ndege uko kaskazini, Ilemela, pembeni ya ziwa. Katikati kuna mji mzima, na daladala, na bodaboda, na foleni tunayoijua wote. Mtu atoke Shinyanga na treni ya kisasa, ateremke na mabegi, halafu aanze kugombania daladala kuwahi ndege ya Bukoba. Hapo tumejenga nini? Tumejenga vitu viwili vizuri visivyosalimiana.

Na cha kushangaza, wazee wetu walilijua hili. Reli ya kati ilifika Mwanza mwaka 1928, na haikuishia porini, ililetwa mpaka ziwani. Baadaye bandari ya Mwanza Kusini ikawekewa gati ambapo behewa linaingia ndani ya meli. MV Umoja ilijengwa kwa kazi hiyo, kubeba mabehewa kuyavusha kwenda Port Bell na Kisumu. Behewa zima, na mzigo wake, linaogelea! Watu wa wakati ule, bila kompyuta, waliona kwamba reli na ziwa lazima vishikane mikono. Sisi wa leo tunashindwaje kushikanisha reli na uwanja wa ndege?

Msiniambie ni ugumu wa taasisi. TRC yuko Wizara ya Uchukuzi. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege yuko wizara hiyohiyo. Bandari, hukohuko. ATCL, hukohuko. Yaani hawa wote wanakula sinia moja. Kinachokosekana ni mtu wa kuwauliza mezani: mmeongea?

Sasa nije kwenye ndege zenyewe.

Mtandao wa ndege wa nchi yetu ni kama gurudumu la baiskeli. Dar ndiyo kitovu, mikoa yote ni spoku. Safari nyingi za mtu wa kanda ya ziwa zinaanza kwa kwenda mashariki mpaka baharini, ndipo arudi alikokuwa anakwenda. Mwanza ina Uganda na Kenya ng'ambo ya maji, ina Rwanda na Burundi jirani, ina Bukoba, Musoma, Geita na Kigoma zinazoizunguka. Mji huu ungepaswa kuwa kitovu cha pili. Tunauona kama mwisho wa safari kwa sababu anayeuchora yuko Dar.

Na msidhani kwamba wananchi hawana hela ya ndege. Novemba 2012 fastjet walianza kuruka Dar–Mwanza, nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Mnakumbuka? Watu ambao kwao ndege ilikuwa kitu cha kuangalia juu tu, walipanda. Machinga alifuata mzigo Dar akarudi kesho yake. Mwishoni mwa 2018 safari zile zikasimama, na tukarudi kwenye basi la zaidi ya kilomita 1,100. Funzo ni kwamba abiria wapo, ila nauli inawafukuza.

Watasema ATCL ipo. Ipo, na tunataka iwepo, ni mali yetu. Lakini ripoti ya CAG inasema mwaka 2023/24 ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8, kutoka bilioni 56.6 mwaka uliotangulia. Tuwe wakweli, sehemu ya hasara hiyo ni injini za Airbus A220, tatizo lililoyakumba mashirika mengi duniani, ndege zikakaa chini. Hapo sitawalaumu. Ninachosema ni hiki: kama hasara tunailipa sisi, basi namna ya kuchagua njia za ndege tuionyeshwe sisi. Mkoa upi unapata safari ngapi, na kwa hesabu gani. Sio siri ya jeshi hiyo.

Sasa naongea jambo linaloniuma binafsi. Nimefanya kibarua miaka miwili kwenye kiwanda kimoja cha minofu hapa mjini. Kisu mkononi, miguu kwenye maji ya barafu, sangara wanapita mbele yako. Malori yenye majokofu yalikuwa yanapakia jioni, na madereva tulikuwa tunataniana nao: "Leo Sirari?" "Leo Sirari." Maana yake samaki wa Mwanza anavuka mpaka, anakwenda kupandia ndege Nairobi. Mshahara wa anayepakia ndege ile, wa anayelinda chumba cha baridi, wa wakala wa mizigo, wote unabaki huko. Sisi tulibaki na visu. Na samaki walipopungua, hata visu tukavirudisha.

Juni 2023 tulipokewa ndege ya mizigo kwa shangwe, Boeing 767, inabeba tani 54. Nilifurahi mpaka nikapiga simu kwa wenzangu wa kiwandani. Lakini mteja mkubwa wa minofu ni Ulaya. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaiweka ATCL kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwao, kwa hoja za usalama. Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye leseni ya Tanzania. Unanunua ndege ya mizigo, halafu mlango wa soko unafungwa kwa sababu usimamizi wa usalama haukuaminika. Kuweka njia mpya ya ndege ni pamoja na kuwa na mkaguzi anayeheshimika.

Na usalama kwetu siyo makaratasi. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision iliyotoka Dar kwenda Bukoba, ambayo ingeendelea kuja hapa Mwanza, iliangukia ziwani. Watu 19 walikufa. Waliowahi kuwaokoa wengine 24 walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Vijana kama sisi, na kasia mkononi. Tukidai njia mpya za ndege kuzunguka ziwa hili, tudai na boti za uokoaji kwenye kila uwanja ulio kando ya maji. Hili halina chama.

Kwa hiyo, makamanda, tunatoka hapa na madai manne, myaandike.

Moja, tarehe ya reli yetu itangazwe, na sababu za kuchelewa ziwekwe mezani.

Mbili, ardhi ya njia ya kuunganisha stesheni na uwanja wa ndege itengwe sasa hivi, kabla haijajengwa, maana baadaye itabidi kubomolea watu na kulipana fidia. Na siku treni ya kwanza ikifika, yawepo mabasi yenye ratiba inayofuata treni na ndege. Hilo halihitaji mkopo wa China.

Tatu, jengo la abiria na chumba cha baridi cha mizigo vilingane na mji wa pili kwa ukubwa nchini.

Nne, vigezo vya kugawa njia za ndege viwe wazi.

Kila mmoja wetu ana diwani. Jiji, Ilemela, Misungwi, reli na uwanja vinagusa halmashauri zote tatu. Nendeni kwenye mikutano ya mitaa, simameni, ulizeni swali hili moja: stesheni na uwanja wa ndege vinakutana wapi? Ulizeni kwa heshima, ila msikae mpaka mjibiwe. Akisema hajui, mshukuruni, halafu mkutano ujao mrudi.

Nikiwa kiwandani niliangalia malori yakiondoka na samaki wetu, nikanyamaza. Safari hii sinyamazi.